Mkanda Mwekundu Chini ya Lebo: Jinsi Sumu za Shambani Zinavyopangwa kwa Madaraja

Katika Kiswahili chetu tuna neno moja tunalolitumia kwa vitu viwili vilivyo mbali kabisa. Kidonge cha malaria tunakiita dawa. Majimaji ya kuulia funza wa pamba nayo tunayaita dawa. Mkulima akisema, "Nimetoka kupiga dawa," hakuna anayeshtuka, maana dawa ni kitu cha kuponya. Lakini kilichomo ndani ya bomba lake hakiponyi. Ni sumu. Imetengenezwa ili iue, nayo haijui kumtofautisha funza na mtoto wa mkulima. Wataalamu wa kilimo huviita vitu hivi viuatilifu, na hilo ni neno zuri, ila dukani na shambani wengi bado hatujalizoea.

Leo safu yetu ya afya itaeleza jinsi sumu hizi zinavyopimwa na kupangwa kwa madaraja ya hatari. Tutaangalia zaidi ukoo mmoja wa sumu, unaoitwa oganofosfeti, kwa sababu ndani yake zimo baadhi ya sumu kali kuliko zote zilizowahi kuuzwa kwa wakulima. Najua wapo watakaosema kwamba mambo ya madaraja ni ya wataalamu wa maabara. Sivyo. Daraja la sumu limewekewa rangi ili hata ndugu asiyejua kusoma aweze kulitambua kwa kutupa jicho.

Sumu inapimwaje?

Mwaka 1975 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulikubali utaratibu mmoja wa kupanga viuatilifu kwa kufuata hatari yake kwa binadamu. Shirika la Afya Duniani limeurekebisha utaratibu huo mara kadhaa tangu hapo. Mwaka 2009 mipaka ya madaraja ilibadilishwa ili ilingane na utaratibu wa Umoja wa Mataifa wa kuainisha kemikali zote, na mwaka 2019 orodha iliandikwa upya.

Kipimo chenyewe hufanywa kwa panya wa maabara. Panya wengine hulishwa sumu, wengine hupakwa kwenye ngozi, kisha hutafutwa kiasi kinachoua nusu yao. Kiasi hicho huandikwa kwa miligramu kwa kila kilo moja ya uzito wa panya. Miligramu moja ni gramu moja iliyogawanywa mafungu elfu moja. Hapa ndipo watu wengi hukosea: namba inapokuwa ndogo, sumu ni kali zaidi. Ni kama pilipili. Pilipili kichaa moja inatosha kuwasha sufuria nzima ya mchuzi, lakini hoho unaweza kutia kikapu kizima na mtoto akala akamaliza.

Sumu ambayo kiasi chake kwa mdomo ni chini ya miligramu 5 huwekwa daraja la Ia, yaani hatari kupita kiasi. Kuanzia 5 hadi 50 ni daraja la Ib, hatari sana. Zaidi ya 50 hadi 2000 ni daraja la II, hatari ya wastani. Inayopita 2000 ni daraja la III, hatari kidogo. Zile zinazofika 5000 na kuendelea huwekwa peke yake kwa herufi U, maana yake ni kwamba hazielekei kuleta madhara ya haraka zikitumiwa inavyotakiwa. Ngozi nayo ina mipaka yake: chini ya miligramu 50 ni Ia, hadi 200 ni Ib, na hadi 2000 ni II. Ikitokea sumu ina daraja moja kwa mdomo na daraja jingine kwa ngozi, hufuatwa lile lililo kali zaidi. Jambo hili la ngozi tulishike, maana mkulima hanywi dawa ya shamba, lakini bomba likivuja huiogea.

Kisha kuna rangi. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa limeshauri kwamba chini ya lebo ya kila chombo kuwe na mkanda wa rangi. Mkanda mwekundu ni wa madaraja ya Ia na Ib, na hapo huongezwa picha ya fuvu la kichwa na mifupa miwili iliyopishana. Mkanda wa njano ni wa daraja la II, wa buluu ni wa daraja la III, na wa kijani ni wa herufi U.

Sasa tuutazame ukoo wa oganofosfeti. Terbufosi, ambayo hutiwa ardhini kuua wadudu na minyoo ya mizizi, namba yake ni kama 2, kwa hiyo ni daraja la Ia. Klofenvinfosi, iliyotumika miaka mingi katika majosho ya ng'ombe hapa Afrika Mashariki, namba yake ni 10, daraja la Ib. Monokrotofosi ni 14, daraja la Ib vilevile. Klopirifosi ni 135 na profenofosi, inayotumika kwenye pamba, ni 358. Zote mbili ni daraja la II. Malathioni ni 2100, daraja la III. Hesabu basi mwenyewe: kutoka malathioni hadi terbufosi ukali unaongezeka kama mara elfu moja, na zote ni ndugu wa baba mmoja. Kwa hiyo mtu akikuambia tu kwamba "hii ni oganofosfeti", bado hajakuambia kama umeshika paka au umeshika chui.

Kwa maoni yangu daraja la II ni pana mno. Lina sumu ya namba 60 na lina sumu ya namba 1900, na zote zinavaa mkanda ule ule wa njano. Mkulima akiuona njano hudhani yuko salama, kumbe klopirifosi imekwisha kuua watu wengi duniani, na mwaka 2025 nchi wanachama wa Mkataba wa Stockholm zilikubaliana kuiingiza katika orodha ya kemikali za kuondolewa, ingawa kwa matumizi fulani ziliachwa nafasi. Njano si ruhusa ya kuchanganya kwa mkono mtupu.

Inaua kwa njia gani?

Mwili wa mtu, kama wa funza, unaendeshwa na mishipa ya fahamu. Mshipa unapotaka msuli ukaze hutoa kemikali ndogo ya kupeleka ujumbe, iitwayo asetilikolini. Ujumbe ukishafika, kimeng'enya kiitwacho kolinesterasi huifagia kemikali hiyo mara moja, na msuli hupumzika. Oganofosfeti humfunga mikono huyo mfagiaji. Ujumbe unabaki pale pale, mwingine unaongezeka juu yake, na amri ya "kaza, kaza" haikomi.

Ndiyo maana mgonjwa hutoa maji kila mahali. Mate yanamtiririka, machozi yanatoka, jasho linamlowesha, anatapika, anaharisha na mkojo unampita. Mboni za macho husinyaa mpaka zinakuwa kama ncha ya sindano. Mapigo ya moyo huenda polepole. Misuli midogo chini ya ngozi hutetemeka yenyewe kama ngozi ya ng'ombe anayefukuza nzi, baadaye inalegea, na mtu hushindwa kunyanyua hata shingo. Mapafu hujaa majimaji. Kinachoua hasa ni kushindwa kupumua: mapafu yamejaa, misuli ya kifua imechoka, na sehemu ya ubongo inayoamrisha pumzi imezimwa.

Sumu ya Ia na sumu ya II za ukoo huu huua kwa njia hii hii moja. Tofauti iko katika kiasi kinachohitajika, na mara nyingi katika muda unaobaki wa kumfikisha mtu kwenye huduma.

Daraja likipotea njiani

Mpango huu wote una mlango mmoja ambao haukufungwa. Daraja limechapwa kwenye lebo, na lebo imebandikwa kwenye chombo. Sumu ikihamishwa kutoka chombo chake, daraja linabaki nyuma na sumu inaendelea na safari.

Wasomaji wengi wanaijua biashara hii. Mkulima mwenye robo ekari ya nyanya hana fedha za kununua lita nzima, na mwenye duka anataka kumsaidia. Anafungua chombo kikubwa, anampimia kwa kifuniko, anamtilia katika chupa ya soda au chupa ya maji ya kunywa. Kilichokuwa na fuvu la kichwa sasa kina picha ya chungwa.

Mzee mmoja alikuja kwenye zahanati yetu akiwa na chupa ya namna hiyo, majimaji yake yana rangi ya chai.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, daktari. Nataka uninusie hii, uniambie kama ni ya mahindi au ni ya kupe."

"Babu, hii hainuswi. Aliyekuuzia alisema inaitwaje?"

"Alisema ni kali."

Basi hilo ndilo jina tulilobaki nalo: Kali. Kama mjukuu wake angeikuta chini ya kitanda na kuinywa, tungeanza kumtibu bila kujua kama ni ya namba 14, ya namba 358, au ni ya ukoo mwingine kabisa usiotibiwa kwa dawa ile ile. Nilimwomba aifunge sana, aiweke mahali penye kufuli, na amwite bwana shamba. Mzee aliondoka akinung'unika kwamba vijana wa siku hizi hawajui hata kunusa.

Huko Afrika ya Kusini jambo hili lilifika mwisho wake mbaya. Mwezi Oktoba mwaka 2024 watoto sita walikufa katika mtaa wa Naledi, Soweto, baada ya kula vitafunio. Mwishoni mwa mwezi huo Waziri wa Afya wa nchi hiyo, Aaron Motsoaledi, alitangaza kwamba vipimo vimeonyesha watoto wote sita waliuawa na terbufosi. Tukumbuke namba yake: kama 2. Ni sumu ya daraja la Ia, iliyoruhusiwa kwa mashamba tu, itiwe ardhini na watu waliofundishwa. Ilifikaje mitaani? Ilitolewa kwenye vyombo vyake na kuuzwa barabarani kama sumu ya panya. Mitaa ile ina panya wengi kwa sababu takataka hazizolewi vizuri, na watu walitaka kitu cha kuwamaliza upesi. Tarehe 15 Novemba 2024 Rais Cyril Ramaphosa alilihutubia taifa kuhusu jambo hili na kusema kwamba watu wasiopungua 22 wamekufa tangu Septemba kwa magonjwa yaliyoletwa na chakula. Mwezi Juni mwaka 2025 baraza la mawaziri la nchi hiyo lilikubali terbufosi ipigwe marufuku.

Hapa niseme neno juu ya sumu ya panya, maana najua hata kwetu mtu husifu ile inayomwangusha panya hapo hapo. Sumu nyingi zilizotengenezwa kwa ajili ya panya huchelewa makusudi. Humfanya panya avuje damu ndani kwa siku kadhaa, ili wenzake wasihusishe kifo chake na kile chambo. Panya ni mnyama mwenye akili. Akiona chakula kimemdhuru, hakigusi tena. Tena mtoto akiila sumu ya namna hiyo kwa bahati mbaya, mara nyingi kuna muda wa kumtibu kwa vitamini K. Inayomwangusha panya kando ya chambo huenda ni sumu ya shamba iliyofungwa kwenye karatasi.

Mfano wa pili unatoka India. Tarehe 16 Julai 2013, katika shule ya msingi ya kijiji cha Dharmasati Gandaman, wilaya ya Saran, jimbo la Bihar, watoto walipewa chakula cha mchana: wali na mchuzi wa soya na viazi. Chakula kile hutolewa na serikali ili watoto wa maskini wasishinde na njaa. Watoto walisema ladha si ya kawaida. Muda mfupi baadaye walianza kutapika na kuanguka. Walikufa watoto 23, na wengine wengi walilazwa hospitalini, pamoja na mpishi mmoja. Maabara iliikuta monokrotofosi katika mafuta ya kupikia na katika mabaki ya chakula. Maafisa walieleza kwamba huenda mafuta yaliwekwa katika chombo kilichokuwa na sumu hiyo zamani. Mwaka 2016 mahakama ilimtia hatiani mwalimu mkuu wa shule na kumfunga.

Kijijini chombo kitupu cha plastiki chenye mfuniko imara ni mali. Mama atakiosha kwa sabuni na majivu, akinuse, kisha akitilie mafuta au maji ya kunywa. Lakini plastiki hunywa sumu. Kinachobaki kwenye kuta, kwenye kona ya mpini na ndani ya nyuzi za mfuniko hakionekani kwa macho, na kwa sumu ya mkanda mwekundu hicho kidogo kinatosha kumdhuru mtoto. Chombo cha sumu husuuzwa mara tatu na maji yake humwagwa ndani ya bomba la kupulizia yatumike shambani. Kisha hutobolewa matundu ili asipatikane wa kukitamani. Kisichomwe moto nyumbani, moshi wake nao ni sumu. Mwulize bwana shamba mahali pa kukipeleka.

Baada ya msiba wa Bihar, Shirika la Chakula na Kilimo lilizitaka nchi zinazoendelea ziharakishe kuziondoa sokoni sumu kali za namna hii. India yenyewe ilikuwa imekwisha kuikataza monokrotofosi kwenye mboga tangu mwaka 2005, lakini iliiacha kwa mazao mengine, na sumu haisomi amri ikajua hii ni mboga, hii ni pamba. Mwaka 2023 serikali ya huko ilitoa amri ya kuiondoa sokoni monokrotofosi ya majimaji ya asilimia 36.

Nchi iliyolitumia daraja

Pengine msomaji atauliza kama madaraja haya yamewahi kumfaa mtu. Yamefaa, na mfano mzuri ni Sri Lanka. Nchi hiyo ya wakulima wa mpunga ilikuwa na vifo vingi sana vya watu waliojitoa uhai, na wengi wao walitumia sumu za mashambani zilizokuwa ndani ya nyumba. Madaktari wa huko waliona kwamba wengi hawakuwa wamepanga kufa. Walikuwa na hasira au huzuni ya saa moja, na mkono ukashika kilichokuwa karibu. Kama kilichokuwa karibu ni cha mkanda mwekundu, hasira ile haikupata nafasi ya kupoa.

Serikali ilianza kwa kuzikataza parathioni na parathioni-methili mwaka 1984. Mwaka 1995 ilizimalizia sumu za daraja la I zilizobaki, zikiwamo monokrotofosi na methamidofosi. Mwaka huo wa 1995 vifo vya kujitoa uhai vilikuwa 47 kwa kila watu 100,000. Mwaka 2005 vilikuwa 24. Watu hawakuacha kuwa na huzuni, na watu waliojidhuru bado walifika hospitalini, lakini wengi zaidi walitoka wakiwa hai. Watafiti walipoangalia mavuno hawakuona kwamba yalipungua kwa sababu ya marufuku ile. Mimi naona mfano huu una uzito kuliko mahubiri mengi, na unatuhusu nyumbani pia: dawa ya shamba isilale chumba kimoja na watu. Ikae ghalani ndani ya sanduku lenye kufuli, na ufunguo ukae na mtu mmoja. Na kama ndani ya nyumba yuko ndugu aliyeelemewa na mawazo, msimwache peke yake. Kaeni naye, mleteni kwenye kituo cha afya tuzungumze naye, na sumu ihamishwe nje ya nyumba kabisa.

Mambo ambayo daraja halisemi

Daraja linapima madhara ya haraka tu, yale ya saa au siku. Halisemi lolote juu ya mtu anayepuliza msimu hadi msimu kwa miaka ishirini, wala juu ya mtoto aliye tumboni mwa mama anayepalilia shamba lililopulizwa jana. Vilevile mkanda wa kijani hausemi "kunywa". Na daraja la bidhaa hutegemea pia sumu imechanganywa kwa wingi gani: majimaji yaliyomo kwenye chupa ni makali kuliko mchanganyiko ulio ndani ya bomba. Kwa hiyo saa ya hatari kubwa kwa mpulizaji ni pale anapofungua chupa na kupima. Hapo ndipo glovu za mpira, miwani na nguo za mikono mirefu zinapohitajika zaidi, ingawa wengi huzivaa wakishaanza kupuliza.

Hapa Tanzania viuatilifu husajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2020. Lebo isiyo na namba ya usajili, au iliyoandikwa kwa lugha usiyoifahamu, ni sababu ya kutosha ya kurudisha chupa juu ya kaunta.

Akidhurika mtu

Katika msimu wa kupuliza pamba na mboga, mtu huja zahanati akisema kichwa kinauma, anatapika, amechoka, na jasho linamtoka. Yeye mwenyewe amekwisha kujipima: ni malaria. Mara nyingine kipimo nacho kinaonyesha vimelea, maana katika sehemu zetu mtu mzima anaweza kuwa na vimelea na bado akawa anaumwa kitu kingine. Kwa hiyo ukifika, sema mwenyewe bila kusubiri kuulizwa kwamba jana au leo ulipuliza. Maneno hayo mawili yanamfanya mganga akutazame mboni za macho na kukusikiliza kifua kabla hujapewa vidonge na kurudishwa nyumbani.

Aliyemwagikiwa aondolewe hapo alipo, avuliwe nguo zote, aoshwe kwa sabuni na maji mengi, pamoja na nywele, kwapa na kucha. Anayemwosha avae glovu za mpira, maana sumu humhamia msaidizi. Macho yaoshwe kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 15. Aliyemeza asilazimishwe kutapika. Asipewe maziwa, mayai mabichi wala mafuta ya kula. Najua mkono wa bibi hukimbilia maziwa, na bibi ana nia njema, lakini maziwa hayaiui sumu hii, na mtu anayelegea akitapika maziwa huyavuta mapafuni. Alazwe ubavu, asiachwe peke yake, na safari ianze mara moja.

Hospitalini atapewa atropini, tena kwa kurudiwa kila baada ya dakika chache na kuongezwa, mpaka kifua kiwe kikavu na moyo upige vizuri. Atahitaji oksijeni, na pengine mashine ya kupumulia. Jamaa wasishangae kuona sindano nyingi. Wasimwombee pia ruhusa ya kutoka kwa sababu amefumbua macho na kuomba uji. Kati ya siku ya kwanza na ya nne baadhi ya wagonjwa hawa, waliokwisha kuonekana wamepona, hulegea tena shingo na misuli ya kupumulia, na akiwa nyumbani wakati huo hakuna atakayemsaidia.

Anayemsindikiza aje na majibu manne: sumu inaitwaje, iliingia kwa mdomo au kwa ngozi, ni saa ngapi, na mgonjwa amepewa nini njiani. Jina likiwa halijulikani, leteni chombo chenyewe na lebo yake, hata kama imechakaa. Mkanda wa rangi peke yake unatusaidia. Kiwekwe katika ndoo yenye mfuniko, na ndoo hiyo isipakiwe pamoja na kikapu cha chakula cha mgonjwa.